Je, Wajua? Sefu Iliyochagua Kiwanja cha Benki Eldoret

Je, wajua kwamba benki ilifika Eldoret miaka 12 kabla ya reli? Standard Bank of South Africa ilifungua tawi hapa mwaka 1912, mizigo ikiletwa kwa magari ya kukokotwa na maksai. Reli ilifika 1924.

Je, wajua kiwanja kilipatikanaje? Simulizi maarufu ya mji inasema sefu ya benki ilianguka kutoka garini, ikawashinda watu kuinua. Ikaachwa papo hapo, na benki ikajengwa kuizunguka. Siku hizo mji wenyewe ulijulikana pia kwa nambari ya shamba: 64.

Je, wajua kwamba mvuto wa mahali una hesabu yake? Mwaka 1931, Mmarekani William J. Reilly alieleza kuwa miji huvuta wanunuzi kulingana na wingi wa watu wake, lakini umbali ukiongezeka maradufu, mvuto hubaki robo. Katika miaka ya 1960, David Huff aliiendeleza hesabu hiyo kwa maduka, na baadaye ikatumiwa kupima matawi ya benki.

Je, wajua kwamba kilomita pekee hazitoshi? Mfikirie mkulima wa Moi's Bridge aliyeuza magunia yake ya mahindi, kila moja kilo 90. Ameshuka stejini Eldoret, noti ziko kwenye mfuko wa ndani wa koti, mkono umeushikilia. Tawi lililo hatua 50 kutoka hapo ni jirani yake. Lililo ng'ambo ya Barabara ya Uganda, malori yakipishana, liko mbali hata kama ramani inasema ni karibu. Ndiyo maana wapimaji makini huhesabu steji, soko, hospitali na vivuko kabla ya kuuliza kodi ya jengo.

Je, wajua kwamba sasa benki yenyewe humfuata mteja? M-Pesa ilianza 2007, na tangu 2010 benki za Kenya zimeruhusiwa kutumia mawakala. Duka la kijijini linaweza kupokea akiba ya mkulima huyo kabla hajapanda matatu.

Eldoret ilitawazwa jiji Agosti 2024. Mnaopanga matawi mapya humo, tembeeni kwanza kwa miguu kutoka steji. Mahali pazuri pa benki ni pale mwenye akiba anapofika salama.