Mtambo wa Akiba na Daftari la Anwani

Tuchukue mfano wa hospitali za Musoma, Bunda na Butiama zinazotumia mtambo mmoja wa barua-pepe. Mtambo huo ukizimika, wa akiba hushika zamu. Ili mitambo yote miwili isijitwalie ukuu kwa wakati mmoja, huwekwa shahidi wa tatu. Penye kura mbili kati ya tatu ndipo kazi huendelea.

Hutokea barua zikapita, lakini daftari la anwani lisishuke katika kompyuta za makarani. Daftari hilo ni nakala ambayo kompyuta huichukua, kwa kawaida, mara moja kwa siku, ili itumike hata mtandao ukikatika. Nakala ikichakaa, karani wa Bunda hupeleka habari za mgonjwa kwa mganga aliyekwisha kuhama.

Fundi hana budi kuuliza mambo matatu. Je, daftari limo katika mtambo wa akiba? Je, kompyuta zingali zikielekezwa kwenye mtambo uliozimika? Je, cheti cha usalama cha mtambo wa akiba hakijakwisha muda?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota nchini Tanzania. Barua itokayo Musoma kwenda Butiama haina haja ya kuvuka bahari iwapo mitambo yote imo nchini. Lakini akiba isiyojaribiwa kabla ya dhiki haitegemewi.