Je, Wajua? Torenti Iliwahi Kuwashinda Waliopakua Kupitia Tovuti Rasmi

Je, wajua kwamba tarehe 20 Februari 2016 waliopakua mfumo endeshi wa Linux Mint kwa torenti walisalimika, huku baadhi ya waliobofya kiungo kwenye tovuti yenyewe ya mfumo huo wakiingiza jasusi kwenye kompyuta zao? Wadukuzi walivamia tovuti wakabadili kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon, kikawa kinaelekeza kwenye seva iliyoko Bulgaria. Huko lilingoja faili lililofanana na halisi, ila ndani yake limepachikwa programu hasidi iitwayo Tsunami.

Wa torenti waliponea wapi? Katika BitTorrent, aliyoibuni Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001, faili hukatwa vipande vinavyotoka kwenye kompyuta za watumiaji mbalimbali, na kila kipande hupigiwa hesabu ya SHA-1 inayozaa alama ya herufi na tarakimu 40. Alama hizo zote hutunzwa ndani ya kifaili kidogo cha torenti unachokipakua kwanza, ambacho wadukuzi hao hawakukibadili. Kipande kikifika kutoka kwa mtu usiyemjua kabisa, programu yako hurudia hesabu. Alama ikipishana hata kwa herufi moja, kipande hutupwa na kingine huombwa kwingineko. Kivinjari cha kawaida hakina ukaguzi huo. Kinapokea kile ambacho seva imekipa.

Hata hivyo, SHA-1 yenyewe ina udhaifu: mwaka 2017 watafiti wa Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walifanikiwa kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye alama moja ya SHA-1. Ndiyo maana toleo la pili la BitTorrent linatumia SHA-256.

Lakini usikimbilie kushangilia. Torenti hukagua kama umepata kilichofungashwa, haiulizi kilifungashwa na nani. Januari 2009, nakala za wizi za iWork '09 ya Apple zilisambazwa kwa torenti zikiwa na programu hasidi tumboni. Ukaguzi ulifanyika, kila kipande kikapita, na uchafu ukafika mzima bila hitilafu!

Kisa cha kuchekesha zaidi (si kwa waliokumbwa) ni cha Transmission, programu ya kupakulia torenti. Machi 2016, toleo lake la 2.90 kwenye tovuti yake rasmi lilipandikizwa programu hasidi ya KeRanger, iliyolenga kompyuta za Mac. Ilikaa kimya siku tatu, kisha ikafunga mafaili ya mtu na kumdai bitcoin 1, wakati huo kama dola 400. Agosti mwaka huohuo tovuti ileile ikachezewa tena.

Upande wa faragha, torenti inashindwa waziwazi: kila anayeshiriki faili hilo anaweza kuiona anwani yako ya IP. Na kwa sisi wa kununua bando, kumbuka kwamba unapopakua unawapakilia wengine pia, hivyo MB zinakatika pande zote mbili.

Iwe torenti au kiungo cha moja kwa moja, likague faili kabla ya kulifungua. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux tumia sha256sum. Linganisha jibu na alama iliyotangazwa na watengenezaji, na ukiweza itafute mahali pengine, si kwenye ukurasa uleule ulikopakulia, kwa sababu aliyebadili kiungo anaweza kubadili na alama. Zikipishana, futa faili.