Kioo cha tatu ndicho shahidi

Katika darubini aliyounda Isaac Newton mwaka 1668, kioo kidogo bapa kilicholala nyuzi 45 ndicho kilichopeleka mwanga kwenye jicho. Yangu niliiwekea kioo cha dukani, chenye fedha mgongoni. Nyota moja ikawa mbili, binti yangu akanicheka.

Sasa nasugua vyangu kwa unga wa msasa na maji. Ukisuguanisha viwili tu, cha juu hubonyea, cha chini hubinuka, navyo hukaana vizuri kabisa! Kwa hiyo lazima viwe vitatu, vikisuguana kwa zamu: vyote haviwezi kukaana mpaka viwe bapa. Kisha nitaving'arisha, na kimoja kitapakwa fedha usoni.

Binti anaingojea sayari ya Zohali. Nimemwambia avumilie, kioo cha tatu bado kinabisha.