Pesa za Wachuuzi Zisitupwe

Wakazi wa Eldoret hawachoki kusimulia kisa cha sefu. Yasemekana kwamba mnamo 1912 sefu ya benki ilidondoka kutoka garini, ikawa nzito mno kuinuliwa, na kuta za benki zikajengwa kuizunguka papo hapo. Kisa hicho chapendeza, ila kinahusu fedha za wakubwa. Je, chenji ya muuza maziwa na fundi wa viatu, ni nani anayeisimulia?

Waingereza walipata jibu la swali hilo bila kukusudia. Mfalme Charles I alipouawa mwaka 1649, nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa sarafu ndogo. Muuza mikate hakuwa na cha kumrudishia mteja. Basi wenye maduka na vilabu vya pombe wakaagiza vipande vyao wenyewe vya shaba, vya thamani ya robo peni au nusu peni. Kila kipande kilichorwa jina la mfanyabiashara, mji wake na alama ya kazi yake. Mara nyingi kulikuwa pia na herufi tatu: ya jina la ukoo, ya mume na ya mke.

Herufi hiyo ya mke ndiyo iliyonivutia. Mke wa mwoka mikate wa karne ya 17 hatajwi katika historia za wafalme, lakini yumo katika kipande kidogo cha shaba. Wajane walioendesha biashara nao walitoa vipande vyao. Mwaka 1672 Mfalme Charles II alitoa sarafu rasmi za shaba na kuvipiga marufuku vile vya wachuuzi. Wakusanyaji ndio waliovinusuru. William Boyne alichapisha orodha yake mwaka 1858, na hata leo watu huviokota katika matope ya mto Thames.

Sisi nasi tumeyaona hayo. Mnamo Mei 2013, katika kitongoji cha Bangladesh huko Mombasa, wachuuzi zaidi ya 100 walianza kupokezana hati za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Shilingi zilipoadimika, muuza samaki aliweza kumlipa kinyozi kwa hati, naye kinyozi akanunulia mboga. Muda si muda polisi wakawakamata baadhi ya wahusika, na mashtaka yakaondolewa Agosti mwaka huohuo. Baadaye mpango huo ulihamia kwenye simu. Simu, kwa bahati mbaya, haiachi kitu ndani ya mtoto wa meza.

Ndiyo sababu nawasihi walimu wa historia wa Uasin Gishu waanzishe mikusanyo shuleni. Sisemi tununue rupia za fedha za Mombasa za mwaka 1888. Hizo tuwaachie wenye uwezo. Nazungumzia senti zenye tundu za Afrika Mashariki zilizosahaulika katika makopo ya nyanya zetu, kadi za chakula za wanafunzi, tiketi za chai za mikahawani, na daftari la mikopo la duka lililofungwa. Peremende tunazopewa badala ya chenji zingestahili kuwekwa pia, lakini siafu hawajui thamani ya historia. Karatasi yake yatosha.

Kazi hii haihitaji bajeti. Kila kitu kitiwe katika bahasha yake, na juu yake iandikwe kilikotoka, mwaka, kilinunua nini, na nani alikipokea. Mwenye kifaa aulizwe jina la mkewe au mumewe pia. Sarafu zisisuguliwe kwa mchanga wala ndimu, kwani huharibika.

Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa kupotezea wakati, na kwamba mtihani hauulizi habari za tiketi za chai. Ni kweli hauulizi. Lakini mwanafunzi aliyemhoji bibi yake kuhusu senti yenye tundu, akaambiwa ilinunua nini sokoni, amekwisha kufanya kazi ya mwanahistoria kabla hajafungua kitabu. Na bibi huyo hatatungoja hadi mtaala ubadilishwe.