Je, Wajua? Ebola Ilijificha Miaka Mitano

Februari 2021, Ebola ilizuka tena Guinea. Dhana ya kwanza: imetoka kwa mnyama wa porini. Kumbe sivyo! Maabara ziliposoma jenomu ya kirusi, yaani maelekezo yake ya kijenetiki yenye herufi zipatazo 19,000, zilikuta ni kilekile cha mlipuko wa 2014 hadi 2016, nacho hakikuwa kimebadilika sana. Kilikuwa kimelala mwilini mwa mtu aliyepona, kwa takriban miaka mitano.

Kirusi kinapojinakili hukosea herufi moja moja. Makosa hayo ndiyo nyayo wanazofuata wachunguzi. Nyayo za Guinea zilikuwa chache mno, ishara kwamba kirusi kilikuwa kimelala.

Mwezi huohuo Ebola ilizuka pia karibu na Butembo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na huko jenomu ilielekeza kwenye mlipuko wa 2018 hadi 2020.

Aliyepona hana kosa. Tusimtenge, anahitaji vipimo na uangalizi.