Uyoga wa vumbi la mbao: Pumba huongeza mavuno, pumba hula mtaji

KILIMO cha uyoga ni miongoni mwa shughuli chache zinazoweza kufanyika katika chumba kimoja cha nyumba ya mjini, bila shamba wala trekta, na mavuno ya kwanza yakaonekana katika muda wa mwezi mmoja na nusu hivi. Hata hivyo, mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia humo hana budi kujibu swali moja kabla ya kununua hata mfuko mmoja: achanganye pumba kiasi gani katika vumbi lake la mbao?

Swali hilo laweza kuonekana ni la fundi, lakini kwa hakika ni swali la mtaji. Jibu lake ndilo huamua kama mifuko itatoa mazao ya kuuza au itaishia jalalani.

Vumbi la mbao peke yake ni chakula duni. Lina nyuzinyuzi tele lakini naitrojeni kidogo mno. Uyoga aina ya mamama, ambao ndio rahisi kuliko aina nyingine zinazopendwa hotelini, huota juu yake, ila mavuno huwa haba. Ndiyo maana wakulima huongeza pumba za mpunga, ngano au mahindi, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 20 ya uzito mkavu, pamoja na chokaa au jasi kidogo.

Tatizo ni kwamba pumba hazimlishi uyoga peke yake. Ukungu wa kijani na bakteria hupenda chakula hicho hicho, nao hukua upesi kuliko utando mweupe wa uyoga. Mfuko ulioandaliwa vibaya hugeuka kijani au kuanza kunuka kabla mkulima hajachuma chochote.

Hesabu ya mifuko 100

Ichukuliwe kwamba mkulima ana mifuko 100, kila mmoja ukiwa na kilo moja ya mchanganyiko mkavu. Anahitaji kilo 90 za vumbi na kilo 10 za pumba. Maji ni kama lita 150, ili unyevu ufikie asilimia 60. Uzito wote unakuwa kilo 250. Akitia mbegu za uyoga kwa kiwango cha asilimia 4, atahitaji kilo 10 za mbegu.

Ichukuliwe pia, kwa mfano tu, kwamba mfuko wa vumbi tupu unatoa gramu 500 za uyoga mbichi na ule wenye pumba gramu 800. Mwenye vumbi tupu akipoteza mifuko 5, atavuna kilo 47.5. Mwenye pumba akipoteza mifuko 10, atavuna kilo 72. Hapo pumba zimelipa vizuri.

Lakini hasara ikifika mifuko 25, mavuno yanashuka hadi kilo 60. Ikifika mifuko 40, ni kilo 48 tu, sawa na yule ambaye hakununua pumba hata kidogo. Na hapo bado gharama ya pumba na ya moto wa ziada haijaondolewa. Kwa maneno mengine, faida yote ya pumba inategemea idadi ya mifuko inayosalimika.

Moto ndio bima

Kinachopunguza hasara hiyo ni mvuke. Majani makavu ya mpunga yanaweza kutayarishwa kwa maji ya moto ya nyuzijoto 60 hadi 80. Vumbi lenye pumba linahitaji zaidi. Njia ya uhakika ni mtungi wa mvuke wenye presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba, unaofikia nyuzijoto 121, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi.

Mtungi mkubwa wa namna hiyo ni ghali, hivyo wengi hutumia pipa la lita 200 juu ya kuni au mkaa. Mvuke wa pipa hauvuki nyuzijoto 100, na baadhi ya mbegu za bakteria huhimili joto hilo hata zikikaa humo kwa saa nyingi. Mwenye pipa analazimika kuchochea moto kwa saa 10 au zaidi, na ni busara abaki kwenye pumba chache, asilimia 5 hadi 10. Anayeweka asilimia 20 kwa kutamani mavuno makubwa huku akikatiza moto ili kuokoa mkaa anacheza kamari.

Mifuko iachwe ipoe kabisa kabla ya kutiwa mbegu, la sivyo mbegu huungua. Kazi hiyo ifanyike mahali pasipo na upepo, kwa mikono na vyombo vilivyopanguswa kwa spiriti. Mfuko wowote utakaoonyesha ukungu wa kijani utolewe nje ya nyumba mara moja bila kufunguliwa.

Si kila vumbi linafaa

Vumbi hupatikana kwa bei nafuu, wakati mwingine bure, katika viwanda vya mbao na karakana za samani kama zile za Keko, Dar es Salaam. Lakini vumbi la karakana mara nyingi huchanganyika na la mbao zilizotiwa dawa au zilizogandishwa kwa gundi. Hilo lisitumike kabisa, kwani uyoga huweza kufyonza sumu.

Vumbi la misonobari, linalopatikana kwa wingi ukanda wa Mafinga, lina utomvu unaozuia ukuaji. Baadhi ya wakulima huliacha likae na kunyeshewa kwa miezi kadhaa kabla ya kulitumia. Vumbi la miti migumu ya majani mapana ndilo la kuanzia, mradi ijulikane limetoka kwenye mti gani.

Joto nalo lina nafasi yake. Aina za mamama zinazopenda baridi zinafaa Lushoto au Mbeya. Kwa Dar es Salaam zinatakiwa zile zinazovumilia joto la karibu nyuzijoto 30, na muuzaji wa mbegu aulizwe hilo waziwazi. Ikumbukwe kwamba mfuko unaokua huzalisha joto lake wenyewe, na pumba zikizidi joto huzidi. Mifuko isirundikwe.

Shiitake nao hukuzwa kwenye vumbi la mbao, na ukikaushwa una soko la kimataifa. Lakini mfuko wake hukaa miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuchipua, na hupenda ubaridi. Kwa anayeanza, huko ni kufunga fedha kwa muda mrefu mno.

Mnunuzi atangulie

Uyoga mbichi ni bidhaa isiyosubiri. Ukiwa kwenye jokofu hudumu siku 5 hadi 7. Nje, kwenye joto la mjini, siku moja au mbili. Chumo la kwanza ndilo kubwa, mara nyingi karibu nusu ya mavuno yote. Katika mfano wa kilo 72, hizo ni zaidi ya kilo 30 ndani ya siku chache. Asiyekuwa na hoteli au duka lililokubali kununua atalazimika kushusha bei au kutupa. Afadhali kuandaa mifuko 25 kila wiki kuliko 100 kwa siku moja.

Kukausha si dawa ya kila tatizo. Kwa kuwa karibu asilimia 90 ya uyoga ni maji, kilo 10 mbichi hutoa kilo moja hivi iliyokauka. Uyoga mkavu usiouzwa kwa zaidi ya mara kumi ya bei ya mbichi ni hasara, isipokuwa kama ule mbichi ungeoza.

Msimu uangaliwe pia. Katika mikoa ya miombo, wakati wa mvua uyoga wa porini huuzwa kandokando ya barabara na hushindana na wa kufugwa. Kiangazi ushindani huo hutoweka, ingawa mkulima hutumia maji mengi zaidi ili unyevu wa chumba ubaki kati ya asilimia 80 na 90.

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia isiyo na majuto ni kuanza na mifuko 20 ya vumbi tupu na 20 yenye pumba asilimia 10, kuipika pipa moja, kisha kuandika kila mfuko uliooza na kila gramu iliyochumwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya chumo la tatu, daftari hilo litakuwa limejibu swali la pumba kwa chumba chake, kwa pipa lake na kwa vumbi lake. Kama mifuko iliyooza katika kundi la pumba ni mmoja au miwili, aongeze mifuko. Kama ni minane, aongeze moto kwanza.