Vijana na Muziki wa Kasi: Kwa Nini Hupendwa na Kwa Nini Huchukiwa



Katika mitaa yetu ya Gerezani na Kariakoo ni nadra kuipata nyumba isiyofikiwa na sauti ya singeli. Hupigwa katika bajaji, katika vibanda vya mafundi simu na katika sherehe za uchochoroni. Ikianza tu, watu hugawanyika pande mbili. Kijana hutikisa mabega. Mzee hufunga dirisha. Mmoja asema ni raha, mwenziwe asema ni adha. Sauti ni moja, mbona masikio yahitilafiana hivi? Swali hili si la mzaha, kwani katika nyumba nyingi hapo ndipo mazungumzo baina ya baba na mwanawe yanapokatikia.

Kwanza tuujue muziki wenyewe. Singeli haikushuka kutoka mbinguni. Kabla yake ulikuwapo mchiriku, uliotokana na ngoma za Kizaramo za hapa hapa mjini. Wapigaji wake hawakuwa na fedha za kununulia magitaa wala matarumbeta. Walichukua kinanda kidogo cha Casio cha bei nafuu, wakakiunganisha na ngoma zao na vipaza sauti vikuukuu, wakaenda mbio. Kundi mojawapo, Jagwa Music, lililoanza mwaka 1992, lilitolewa sahani Ulaya mwaka 2012, na wasikilizaji wa huko wakaufananisha mchiriku na panki. Baadaye vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati walishika kompyuta, wakakata vipande vya taarabu na vya ngoma, wakavikimbiza mpaka mapigo yakapita 200 kwa dakika, na mengine kukaribia 300. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilitolewa na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na sauti ya uchochoro ikavuka bahari.

Neno panki si geni kwa vinyozi wetu, ambao huliita hivyo kundi la nywele lililoachwa katikati ya kichwa. Lakini asili yake ni muziki. Katika miaka ya 1970 vijana wa New York na London walichoshwa na muziki uliotaka vyombo vya thamani na ustadi wa miaka mingi. Kundi la Ramones la New York lilitoa sahani yake ya kwanza mwaka 1976, nyimbo nyingi zikiwa za dakika mbili tu. Uingereza nayo wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1 wasio na kazi. Mwaka 1977, Malkia Elizabeth wa Pili alipokuwa akiadhimisha miaka 25 ya utawala, kundi la Sex Pistols lilitoa wimbo wa kumkejeli, na BBC ikakataa kuupiga. Kukatazwa huko hakukuuzima. Ulinunuliwa kwa wingi.

Basi twaona kwamba sababu za kupendwa kwa panki kule na kwa singeli hapa ni za jamaa moja. Ya kwanza, ni muziki usiotaka mali. Asiye na kitu naye aweza kuufanya. Ya pili, husema maisha ya msemaji: kodi ya chumba, kibarua, mapenzi yaliyovunjika, jirani msengenyaji. Huko Nairobi kundi la panki la Crystal Axis limeimba hata juu ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyewatesa watu wa Kongo. Ya tatu, kasi yake ni kasi ya mahali pake. Asimame mtu sokoni Kariakoo saa nne asubuhi, asikilize wapagazi wakipiga kelele za kuombwa njia na vipaza sauti vya wachuuzi vikirudia bei ile ile. Hatashangaa kwamba kijana aliyekulia hapo haridhiki na wimbo wa polepole. Ya nne, na wazazi waitie moyoni, kijana hutaka kitu kilicho chake. Mzee akikunja uso, utamu huzidi.

Wenye kuuchukia nao wana hoja zao, wala si za uzee tupu. Wako ambao masikio yao yalilelewa na taarabu ya fidla na ganuni, na kwao mapigo yale ni maumivu. Wako wanaochukia maneno, kwani nyimbo nyingine zina matusi ambayo mtu hawezi kuyasikia akiwa na mama yake. Wako wanaochukia vigodoro, zile sherehe za kukesha zinazofunga njia na kumnyima usingizi mgonjwa, mtoto mchanga na mwanafunzi mwenye mtihani. Tena wako wanaokataa ala zote za muziki kwa kufuata kauli za wanazuoni, na khitilafu hiyo ni ya kale. Imamu Ghazali aliitengea kitabu kizima ndani ya Ihyaa yake.

Lakini tutenganishe mambo. Kasi si dhambi, na upole wa sauti si uchaji. Wimbo wa polepole waweza kubeba uchafu, na wimbo wa mbio waweza kumwonya mtu na ulevi. Muziki wa dansi nao, ulioshamiri hapa Kariakoo tangu miaka ya 1930, haukukosa wa kuulalamikia. Leo wajukuu wa walalamikaji wauita zilipendwa na kuusikiliza kwa machozi. Likataliwe tusi kwa kuwa ni tusi, na likataliwe kesha la kumuudhi jirani kwa kuwa ni kumuudhi jirani, hata kama linalopigwa ni kaswida.

Pana mfano wa kuzingatiwa. Mwezi wa Desemba mwaka 2011, katika mji wa Banda Aceh, Indonesia, polisi waliwakamata vijana wa panki zaidi ya 60 waliokusanyika kwenye onyesho la muziki. Walinyolewa vichwa, wakaogeshwa ziwani, wakawekwa siku 10 kufundishwa adabu. Habari zikaenea duniani, na vijana wa panki wa nchi nyingine wakaandamana kwa ajili yao. Wembe hunyoa nywele, haufiki moyoni. Na Marekani, mwandishi aliyesilimu, Michael Muhammad Knight, alitunga mwaka 2003 hadithi ya vijana Waislamu wapenda panki, akaiita kwa neno lililoungwa na taqwa. Vijana halisi, kama wale wa kundi la The Kominas, wakajiona ndani yake. Mengi waliyoyasema na kuyatenda hatuyakubali; lakini lazima tuulize kwa nini kijana wa Kiislamu alijiona mgeni msikitini, akajiona mwenyeji kwenye kelele.

Sisi tunaofundisha chuoni twajua kwamba mtoto anayeimba singeli njiani ndiye huyo huyo anayehifadhi Juzuu Amma kwa wepesi, kwa kuwa sikio lake ni zuri. Sikio hilo ni neema, tusilichukie. Katika Sura ya 31 Luqman amuusia mwanawe mambo mazito, na mwisho amwambia apunguze sauti yake. Lakini tazameni: amwita kwa jina la mapenzi, na ampa sababu.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuzima redio, keti dakika tatu usikilize. Muulize mwanao maneno yale yana maana gani, na kwa nini yanampendeza. Yaliyo mabaya mwonyeshe, kwa jina lake na kwa sababu yake. Nawe kijana, jiulize: naweza kuutafsiri wimbo huu mbele ya mama yangu? Jirani yangu mgonjwa amelala? Adhana imeadhiniwa nami nisiisikie? Ukiyajibu kwa kweli, utajua lipi la kuacha bila ya kusubiri fimbo.

Nyumba ambayo muziki wajadiliwa mezani ni bora kuliko nyumba iliyo kimya, ilhali mtoto ameufuata muziki wake mtaani wala hana hamu ya kurudi.

Wabillahi tawfiq.